Mizani ya Karani

Miaka thelathini na moja nilihesabu mizani ubaoni:
nane huku, nane kule, kina cha kati, kina cha mwisho,
na mtoto aliyezidisha silabi
nilimwambia, Kata, ubeti umenenepa.
Leo nimesimama dukani kwa Mangi, hapa Rau,
paka yumo ndani ya kikapu cha ndizi,
naomba mizani ya maharage.

Kilo nane na robo.
Ukitoa kikapu, saba na nusu.
Mangi akafuta kioo kwa kiganja, akasoma tena,
akauliza kama namuuza.

Anaitwa Karani, kwa sababu ya ule weusi sikioni
kama kalamu iliyochomekwa.
Ana miaka kumi na miwili. Nje hatoki
tangu bodaboda ya Kiboriloni ilipomtegua nyonga.
Dunia yake ni vyumba vitatu, varanda yenye wavu,
na dirisha la jikoni, ambamo mlima huchungulia asubuhi
ukiamka vizuri.

Daktari Aikande alikuja na buti lenye tope la banda la nguruwe.
Alimpapasa mbavu kama mtu anayetafuta swichi gizani.
"Zipo," akasema, "ila mbali."
Akanionya nisimnyime ghafla:
paka mnene akishinda njaa siku mbili tatu
ini lake huharibika.
"Punguza kidogo kidogo, Mwalimu. Halafu mtafutie kazi."

Kazi!
Mstaafu amtafutie kazi mstaafu.

Nikaanza na upelelezi.
Saa kumi na moja alfajiri nampa dagaa mimi.
Saa moja mke wangu anammiminia maziwa yaliyobaki.
Saa mbili mjukuu, Elinami, anadondosha chini ya meza
kichwa cha perege wa Nyumba ya Mungu.
Staftahi tatu, na kila moja
Karani aliipokea kwa sauti ya yatima.

Sasa chakula kinapimwa kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono,
na hakiwekwi sahanini.
Nakitawanya kwenye trei ya mayai, dagaa mmoja kila shimo,
avue mwenyewe kwa kucha.
Siku ya kwanza alinitazama
kama mkaguzi aliyekuta darasa halina mwalimu.
Siku ya nne nilisikia trei ikikwaruza sakafu usiku,
nikalala nikitabasamu.

Ngazi ya kupanda dirishani nimeijenga kwa mitihani ya zamani,
mafungu manne yaliyokazwa kwa kamba ya katani,
maana nyonga yake haitaki tena kuruka kwa mkupuo.
Anakanyaga majibu ya watoto ambao sasa wana watoto.
Na jioni, dakika tano tu, kisha tano nyingine baadaye,
navuta uzi wenye unyoya wa jogoo wa Krismasi,
na mdomo, kwa mazoea yake, unatunga:

Karani, hebu inuka, unyoya huo hewani,
Umelala ukachoka, uchovu wa kitandani,
Nami goti lanicheka, nikiinama chumbani,
Haya, mzee na paka, tukutane mizanini.

Hakuinuka. Alipiga unyoya kwa mkono mmoja, amelala chali.
Daktari anasema hiyo nayo inahesabika.

Kuna jambo sikumwambia daktari.
Dagaa wa alfajiri hawakuwa wa njaa yake.
Nilizoea vichwa arobaini vikiinuka nikiingia;
nilipostaafu kilibaki kimoja,
na kile kiliinuka kwa mlio wa bakuli.
Nilikuwa namlisha ukimya wangu.
Siku hizi naamka saa ileile, nakaa naye dirishani,
mikono mitupu, tunangoja mlima uamue.

Tangu masika hadi vuli:
saba na nusu, saba na robo, saba, saba tena,
wiki moja ikapanda, nikagombana na Mangi juu ya mawe yake,
kisha sita na robo tatu.
Nikimpapasa, mbavu zimesogea karibu.

Jumapili iliyopita nilimwona mke wangu
akidondosha ngozi ya samaki, akitazama pembeni.
Silabi moja imezidi.
Niliiona vizuri kabisa.
Chaki sinayo tena.