Mengineyo

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kikao.
Kalamu yangu ndiyo iliyopokea sifuri zote zile
zikishuka moja moja kama matone ya bomba bovu:
ukuta wa mawe, mita mia nane;
viti vya zege; miti ya kivuli; taa.
Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye swali.
Feni ilijibu.

Kabla hatujasema makumi, tulisema mirongo,
nami kila nikivuka daraja la Mirongo nasema moyoni:
mto huu una jina la hesabu
ila haujawahi kuonja pesa.
Ulionja maganda ya miwa, ndala, betri,
godoro lililotoka Mabatini usiku wa mvua
likaingia ziwani bila mwenyewe.
Na korongo wake wawili:
lile lililochimbwa na maji,
na yule wa manyoya, mwenye upara,
asimamaye jalalani kama mkaguzi wa mahesabu.

Ukuta umejengwa. Nisiwe mchoyo wa neno,
umejengwa vizuri.
Fundi Bugumba aliyapanga mawe kwa mkono,
akigonga, akisikiliza, akigonga tena,
na jioni watoto wa shule wanapita
bila kukunja sketi kukwepa tope.
Lakini mita mia nane zinaanzia ziwani, wanakoshukia wageni,
zinaishia pale mto unapoanza kuua.
Kutoka hapo kwenda juu, nimeandika mwenyewe, ni awamu ya pili.
Awamu ya pili ni nchi ya mbali:
kila mtu amesikia habari zake,
hakuna aliyerudi kutoka huko.

Nyabise Magesa anauza dagaa kando ya daraja.
Jumamosi, nikiwa nanunua, aliuliza bila kuinua macho:
“Karani, taa moja pale shilingi ngapi?”
Nikamwambia. Milioni nne na laki mbili.
Akanyamaza. Akajaza kisado, akatupia na nyongeza,
kisha akachomoa kopo lenye stakabadhi za ushuru,
mia tano, mia tano, mia tano,
nyingine zimefifia zikawa karatasi tupu,
bado anazitunza.
Tulipiga hesabu juu ya gazeti la kufungia:
siku elfu nane na mia nne.
Miaka ishirini na mitatu.
“Mimi nina kumi na tisa hapa,” alisema.
“Bado minne, taa iwe yangu nzima.”

Akaichagua. Ya thelathini na moja, ya mwisho,
pale ukuta unapokatika,
ile inayozima na kuwaka.
Usiku huo alihamia chini yake na ungo,
akichambua changarawe kwenye dagaa,
na mwanga wa umma ukamwangukia viganjani
kama chenji.

Mgambo akaja.
“Mama, hapa ni pa kupumzikia.”
“Ndiyo napumzika.”
“Unafanya biashara.”
“Nakagua mali yangu. Wewe taa yako ipi?”
Kijana akatazama juu, akaifuata safu hadi ziwani,
thelathini, ishirini na tisa, ishirini na nane,
midomo ikimcheza,
akihesabu kwa mara ya kwanza kama mtu anayedai.
Hakumwondoa.
Wala hakuketi.

Kikao kijacho ni Alhamisi.
Ajenda ya nne, ukarabati.
Ya tano, awamu ya pili (itaahirishwa, wino ninao tayari).
Ya mwisho, Mengineyo,
mahali ambapo mambo ya watu husubiri
huku mwenyekiti akitafuta kifuniko cha kalamu yake.
Hapo nitaandika, kwa mwandiko wa kusomeka:
Taa namba 31 inazimazima.
Mwenyewe amelalamika.