Uzi wa Tatu

Alifika Mama Lucy kungali giza,
mkono ameufunga kwa gazeti, juu yake aproni.
"Kisu ni changu," akasema, "hakuna wa kushtaki."
Halkano Guracha, muuza nyama, Soko la Burma.
Nilimjua kabla hajaketi.
Yeye hakunijua: barakoa, kofia, miaka minne.

Kwanza maji. Chupa nzima ya maji ya chumvi,
mpaka wekundu uchoke.
Bi. Nasambu aliyenifunza hakuwa na maneno mengi:
ukishonea uchafu ndani, umefuga chui chumbani.
Kisha ganzi, polepole, kandokando ya ufa.
Nikamwambia akunje vidole, kimoja kimoja.
Vyote vitano vikaitika.

"Una mkono mwepesi," akasema. "Wa mchunaji."

Sindano imepinda kama mwezi mwandamo.
Haisukumwi; hugeuzwa, kwa kifundo cha mkono,
kama mtu anayefungua kufuli
asitake kuamsha nyumba.
Ingia wima, toka wima, umbali sawa huku na huku.
Midomo ya jeraha ibinuke kidogo,
kama ya mtoto aliyenyimwa;
ikizama ndani, kovu litakuwa mtaro.
Fundo likae kando, lisiulalie ufa.
Kaza mpaka ngozi igusane na ngozi. Basi.
Ikigeuka nyeupe umenyonga, hujafunga,
na kesho itavimba ikudai.

Uzi wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukaenda upande;
nikauona, nikajifanya sikuuona. Wa nne.
Nje malori yameanza kukohoa.

Kwenye wa tano nikashindwa kunyamaza.
"Mzee, unamkumbuka msichana wa kila Ijumaa,
miguu miwili ya mbuzi, *usiichome manyoya*?"
Akafikiri. "Yule wa supu?
Nilishangaa mno. Nani hupika supu ya manyoya?"

Sikuwahi kupika.
Niliinyoa kwa wembe, hosteli ya Ngara, mlango nimefunga,
nikaipasua nikaishona,
nikaipasua nikaishona,
hadi Chemutai akahama chumba kwa ajili ya harufu.

Alicheka mpaka jeraha likatoa tone.
"Tulia, mzee!"
"Na mimi nilikuwa nakuongezea mguu wa tatu,
bure, kila Ijumaa. Nilidhani una njaa."

Nilikuwa nayo. Sikumwambia.
Nikautafuta uzi, na uzi ulikuwa mkononi mwangu.

Nyuzi saba. Bendeji. Sindano ya pepopunda.
Siku kumi na mbili, usilowe, kisu mwachie kijana.
Alikuwa ameomba aone kabla sijafunika,
akauinua mkono kwenye taa,
akaukagua kama anavyokagua paja la ng'ombe wa mtu mwingine.

"Huu wa tatu umepinda."
"Umepinda," nikakubali.
"Uache," akasema. "Huo ni wa mguu wa bure."