Nafasi Mbili

Kamati imekaa stoo ya korosho, hapa Tandahimba,
juu ya magunia matupu, tochi ya simu ikining'inia.
Bonanza ni siku tatu, watu saba kila upande,
na wageni ni wawili tu, basi.

Hokororo anamtaka kipa wa Mueda,
yule aliyepangua penalti tatu huku akitafuna muwa.
Chilumba anamtaka Mngazija. Hajamwona akicheza;
kaona picha, viatu rangi ya chungwa.
"Picha haifungi goli," nasema, mimi mweka hazina,
nikijumlisha kivuko, wali, godoro la kulalia,
na hela ya mnada bado haijaingia.

Ndipo Nantipi, beki wetu wa kushoto,
aliyechora mistari ya uwanja kwa majivu asubuhi hii,
anauliza taratibu, kama anayeomba chumvi kwa jirani:
"Wakija wawili, benchi anakaa nani?"

Panya anakwaruza gunia.

Naandika: kipa, mmoja.
Mstari wa pili nauacha mtupu,
najifanya kalamu imeisha wino.

Chilumba ananinyooshea yake.