Maneno Thelathini

Bi. Geddes, mhariri wangu, ana mkono wa birika:
maneno thelathini kwa kila filamu.
La thelathini na moja analikata
kama anayempunguza mtoto kucha.

Basi Jumanne asubuhi, safu ya sita, kiti cha pembeni,
Dundee bado inapangusa ukungu wa mto kwenye vioo vyake,
koti sijavua, daftari liko gotini,
nahukumu.

*Mvua ya Chuma, Sehemu ya Saba.*
Steringi hafi. Tunajua. Naye anajua,
ndiyo maana siku hizi hakimbii, anatembea.
Magari tisini majivu, chozi moja la glisarini.
Nyota mbili. Moja ni ya aliyefagia barabara.

*Ndoa ya Saa Tisa na Robo.*
Wamependana dakika ya nne.
Dakika mia zilizobaki tunangoja waambiwe.
Bibi harusi anacheka vizuri, kwa pua.
Nyota tatu; ya tatu nimemkopesha.

*Kimya cha Lifti.*
Watu watano wamekwama. Sita, ukinihesabu.
Nyota moja.

*Mbwa wa Balozi.*
Mbwa anaigiza, balozi anabweka.
Nyota tatu, zote apewe mbwa.

Ufupi huu sikufundishwa na Bi. Geddes.
Morogoro, kwenye banda la video nyuma ya mashine ya kusaga,
mlangoni alikaa Habibu Mchana, mguu juu ya kreti ya soda,
ameshaiona kila kanda, mara nyingine kinyumenyume.
Ukimuuliza, anakutazama kwanza wewe,
viatu vyako, sarafu iliyolowa jasho kiganjani,
halafu anasema "Ingia,"
au anasema "Kalale."
Sikumbuki siku aliyokosea.
Labda kwa sababu alianza na viatu.

Hapa mbingu ya Novemba ni kifuniko cha sufuria.
Nyota za juu hazionekani wiki nzima,
zilizopo ni hizi zangu, nazitoa mfukoni
moja moja, kwa uchoyo,
na Ailsa wa dirisha la tiketi, ambaye pia
ndiye wa bisi na ndiye wa choo kikiziba,
anazibandika kwenye kioo kwa gundi ya karatasi
bila kuzisoma. Nilidhani.

"Hii," akasema juzi, kidole juu ya mstari.

*Barua kwa Mtunza Mnara.*
Saa mbili na nusu za mawimbi.
Mtunza mnara anachemsha chai mara kumi na moja;
nilihesabu, hapakuwa na kingine cha kuhesabu.
Nyota moja, nayo ni ya birika.

"Baba ameiona mara nne," akasema Ailsa.
"Anasema ndivyo chai inavyochemka
mtu akibaki peke yake."
Akanirudishia chenji. Hakuwa na hasira.
Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wawili.

Jumatano nikarudi, tiketi nimelipa mwenyewe.
Safu ya kumi na mbili, gizani,
nikaona kofia ya sufi, mabega ya fundi wa mitambo ya kuchapa
aliyestaafu na kelele zikambakia masikioni.
Filamu ilikuwa ndefu vilevile.
Mawimbi yaleyale, yakirudia kama wimbo uliosahau beti.
Nilipiga miayo, sitadanganya.
Lakini kila birika lilipoanza kulia
mkono wa mzee ulinyanyuka kidogo kutoka gotini,
kama anayetaka kuliipua kabla halijamwamsha mtu,
kisha ukakumbuka, ukashuka.

Sikuitazama skrini tena. Nilihesabu mkono.

Alhamisi nikamwandikia Bi. Geddes.
Nyota sikuigusa, filamu haikuwa imebadilika.
Niliandika tu:
*Masahihisho. Wiki iliyopita tulikosea.
Mtunza mnara anachemsha chai
mara kumi na mbili.*

Hakukata hata neno.