Kisigino

Siku mlima ulipofungua kinywa
mama alibeba godoro, baba akabeba cherehani,
kaka yangu Ombeni akabeba katoni ya vitabu vya picha.
Alizabwa kofi palepale, njiani kuelekea Gisenyi.
Nyumba ikawa makoro. Cherehani iliuzwa. Godoro likaoza.
Katoni bado ninayo.

Ndani yake yumo Kisigino,
jitu lenye mabega ya mpakia magunia
na miguu ambayo mchoraji hakuiweza:
vidole sita hapa, vinne ukurasa wa pili.
Akikanyaga kwa unyayo mzima, ardhi hupasuka.
Basi hutembea kwa ncha za vidole
kama mtoto anayeiba sukari usiku.
Kwa ncha za vidole hupanda ngazi. Kwa ncha za vidole alimzika rafiki.
Harusini hajawahi kucheza.

Nakodisha hapa Birere, faranga mia mbili nusu saa,
usome papa hapa, usilambe kidole kufunua.
Nimeleta vingine, vya rangi, vya watu wenye mabawa;
vimekaa wiki mbili vikipauka juani.
Wanamtaka yeye.
Msukuma chukudu, goti limechubuka, anamtaka.
Kavira muuza makala anamtaka, ingawa hutazama picha tu.
Askari mmoja alikuja bila bunduki,
akasoma namba tano mara tatu,
akalipa mara tatu, akaondoka bila kuaga.

Nilidhani wanapenda ule mpasuko:
ukurasa wa kumi na nne, jumba la mlanguzi linamezwa
na magari yake, na mbwa wake, na jenereta.
Na kweli ndio uliochakaa, una mafuta ya mandazi.
Nani hapa hajatamani kukanyaga, mara moja tu?
Mimi, foleni ya kodi, nimetamani mpaka visigino vikawasha.

Lakini juzi Nsimire wa Ombeni, miaka tisa, akauliza:
"Baba mdogo, misuli haimuumi?"
Miaka ishirini na zaidi, sikuwahi kujiuliza.
Akajaribu mwenyewe, toka bombani mpaka mlangoni,
juu ya makoro makali, kidumu kichwani,
kwa ncha za vidole,
anatetemeka, maji yanamwagika shingoni,
na wadogo wawili nyuma wanamwiga.
Wakubwa wote niliowaona wakipita mji huu
walipita kwa unyayo mzima.

Namba saba haina kurasa za mwisho.
Panya, au moto, au Ombeni, ambaye hajakiri.
Inaishia mguu ukiwa hewani, hasira imemjaa,
chini yake mabati ya mji mzima.
Kila msomaji huja kunipa mwisho wake,
na hakuna wawili waliowahi kukubaliana.

Nsimire hakunipa wowote.
Alikifunga kitabu taratibu, taratibu mno,
kama mtu anayeogopa mguu ule usije ukashuka,
akakiweka katonini, chini ya vingine vyote.