Gobori Halisamehe

Ya kwanza ina makunyanzi. Irudi chunguni.
Ya pili pia. Kalibu bado baridi,
na Verlin hasubu kwa pupa:
theluji ya Kentucky imezika ua,
kulungu watangoja.

Kipande cha nta, moshi, taka zaelea;
azikwangua. Amimina. Ahesabu hadi sita.
Afungua.
Amimina. Ahesabu hadi sita.
Mkono ukipoteza mwendo, risasi hupoteza uzito,
na gobori la babu yake halisamehe.

Arobaini zang'aa mezani, mapacha watupu.
Lakini mizani haisomi sura:
hii nyepesi, tumboni ina uwazi,
pumzi iliyonaswa.
Airudisha motoni.

Delphia, mkewe, acheka mlangoni:
"Ungenipima hivyo, ungenioa?"

Verlin amimina.
Ahesabu hadi saba.