Kandambili Isiyo Yangu

Bandarini Kigoma afisa alinyanyua muhuri,
akauliza, "Sababu ya safari?"
Nikasema, "Tunakuya kusoma mji."
Akacheka hadi kofia ikamwinama.
Tulikuwa kumi na wanne kutoka Kalemie,
usiku kucha ziwani, na Byaombe
alikuwa ametapika pande zote mbili za mpaka.

Maisha yangu yote nimesema Kiswahili.
Nimeota kwacho, nimetukana kwacho.
Lakini Ujiji, uchochoroni nyuma ya soko,
mtoto wa madrasa, kanzu imemzidi miguu,
aliniambia, "Shikamoo."
Kwetu hatuna salamu hiyo. Nikajibu, "Aksanti."
Akawakimbilia wenzake: "Kasema asante!"
na kicheko kikatutangulia mtaa mzima,
nyumba hadi nyumba, kama mbuzi aliyekata kamba.

Mwalimu Mukalayi akatusimamisha kivulini mwa ukuta:
ukipewa shikamoo, rudisha marahaba.
Tukaifanyia mazoezi, kumi na wanne,
tukipita milango iliyopauka, vyerehani vya barazani,
madumu ya mawese mekundu kama udongo wa kwetu,
na mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juani.
Alisikia matamshi yetu, akanyoosha mgongo.
"Nyie wa ng'ambo? Bibi yangu alikuwa Mmanyema."
Hakusema alikujaje, huyo bibi.
Alitufungia dagaa kwenye gazeti.
Feza akatoa pochi.
"Unamlipa nani?" mama akasema,
na Feza akairudisha, amekasirika, machozi yamemlenga.

Msikitini tulivua viatu.
Nilijifunika kitenge, nikaketi upande wa wanawake.
Mimi Mkatoliki; niliomba nilichokijua,
Salamu Maria, midomo imefungwa,
na mkeka haukunikataa.
Nilipotoka, kandambili yangu ya kushoto haikuwepo.
Ilikuwepo nyingine, ya bluu, kubwa,
kisigino kimeliwa upande mmoja
na mtu mwenye haraka.
Wenzangu walicheka. Nikaivaa.
Ningefanyaje? Mchanga ulikuwa moto.

Kwenye mnara wa kumbukumbu, Nkayamba, kiongozi wetu,
alitusomea nani alisimama hapa, nani alitokea kule,
mwaka gani, nani alivua kofia kwanza.
Anajua kazi yake. Hata vipumziko alivihesabu.
Nikauliza, "Na waliobeba?"
"Waliobeba nini?"
"Mizigo. Pembe. Vitanda vya hao waliosimama."
Akapekua karatasi zake, mbele, nyuma.
"Hao," akasema, "humu hawamo."
Kisha, wengine wakipiga picha,
akanyoosha kidevu: "Jaribu kule, nyuma ya michikichi.
Sijakwambia mimi."

Nikaenda, mguu mmoja plap, mwingine plop.
Vilima vya udongo, vingine vimelala kabisa.
Jiwe hapa. Kigae cha chungu pale.
Hakuna herufi hata moja; mimi niliyevuka maji kuja kusoma.
Nilifika ishirini na saba, hesabu ikanipotea,
nikaanza upya, ikanipotea palepale.
Sikujua kichwa kiko wapi, miguu iko wapi,
wala kama yupo wa kwetu, au wote ni wa kwetu.
Sikuwa na ua. Nilikuwa na dagaa.
Basi nikasema, kama anayepima neno jipya
kwenye ulimi ambao bado haujalizoea:
"Shikamoo."

"Marahaba," nyasi zikajibu.

Magoti yaliniisha.
Akainuka mwanamume mwenye fyekeo,
jasho kidevuni, redio mfukoni inatangaza mpira.
Alikuwa kazini, sikumwona.
Alinitazama usoni, kisha akashuka hadi miguuni,
akakaa huko kidogo.
"Umepoteza kiatu?"
"Nimebadilishana."
"Na nani?"
"Sijui. Anakaa wapi mwenye hiki?"
Kule barabarani basi letu lilikuwa linapiga honi,
Mukalayi ananiita kwa majina yote matatu.
"Hapa hapa," mtu yule akasema,
hakuonyesha popote,
akainama tena kufyeka.